Saa mbili za sauti moja: jioni ya kusikiliza muziki wa kale, Shanty Town, Moshi

Bei ni shilingi elfu kumi na tano kwa mtu mmoja. Humo umelipia kahawa, na unaongezewa mpaka useme basi, kipande cha keki ya ndizi, karatasi zenye maneno ya nyimbo kwa Kiswahili, na kiti kwenye sebule ya mtu ambamo utakaa kama saa mbili ukisikiliza sidii za muziki wa kanisa wa Italia wa miaka ya 1600. Hakuna mwanamuziki atakayetokea. Hakuna bia. Simu inazimwa mlangoni na mwenye nyumba anakuangalia ukiizima. Kwa hela hiyo hapa Moshi unakula nyama choma na ndizi na soda juu, kwa hiyo anayeuliza kama inafaa hajauliza upuuzi.

Inafaa, lakini si kwa kila mtu. Nitaeleza kwa nini, na mahali panaponikera nitapataja pia.

Nijitambulishe kidogo ili mjue nasikiliza kwa masikio gani. Natengeneza magita, na vinanda vikiniletea shida ambayo si ya umeme navipokea pia. Kibanda changu kiko Majengo. Jumapili naimba sauti ya nne kwenye kwaya ya usharika wetu wa KKKT, yaani sisi Walutheri, na ujanani nilipuliza tarumbeta kwenye bendi ya vijana, zile bendi mnazoziona zimepakiwa nyuma ya pikapu siku za harusi. Muziki wa kanisa ninaoujua mimi ni wa watu wengi: kwaya ya watu arobaini, sare, kinanda chenye ngoma ndani yake, spika mbili za urefu wa mlango. Mtu mmoja akisimama peke yake kuimba kwetu, watu wanajua kwamba wenzake wamechelewa.

Nyumba ni ya mama mmoja muuguzi mstaafu aliyefanya kazi Bergamo, kaskazini mwa Italia, miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Hana bango, na jina lake hataki liandikwe, nami namheshimu. Alirudi na masanduku ya sidii ambayo anasema yalimgharimu kusafirisha kuliko fanicha. Mara moja kwa mwezi, Jumapili jioni, anafungua sebule. Unamwamkia, anakuitikia marahaba, anakuuliza umetoka kwaya gani, na ukishasema tu KKKT anacheka na kukwambia leo utasalimiwa na Bikira Maria mpaka uchoke. Yeye ni Mkatoliki wa Kibosho, na utani huo hauachi.

Sebule yenyewe ni nzuri kwa sauti, na sidhani kama imetokea kwa bahati. Dari ni ya mbao, chini kuna zulia, mapazia ni mazito, ukuta wa nyuma umejaa vitabu. Spika ni mbili tu, za sanduku la mbao, zimesogezwa mbali na ukuta, na katikati kuna amplifaya ya zamani ambayo sijaruhusiwa kuifungua ingawa nimeomba. Watu hawazidi kumi na wawili. Sauti anaiweka chini. Mara ya kwanza utadhani kuna waya umelegea, maana sisi tumezoea sauti ambayo ukiwa nje ya geti unaifuata. Hapa mwimbaji anasikika kwa kiwango kile ambacho mtu angezungumza nawe akiwa amekaa upande wa pili wa meza. Baada ya wimbo wa pili masikio yanakaa sawa na unaanza kusikia pumzi yake kabla ya mstari, kidole kikiteleza kwenye uzi, mkono wa ogani ukiachia kibonye.

Huo ndio uamuzi bora wa jioni nzima, na ningeulipia peke yake. Muziki huu uliandikwa kwa koo moja na vyombo viwili vitatu. Ukiupandisha, chombo kidogo kinakuwa kikubwa kuliko kilivyo, mwimbaji anaonekana anapiga kelele wakati ananong'ona, na siri yote inaharibika. Nimejaribu nyumbani kwa spika zangu za kazini, kwa nguvu, na haukunipa chochote.

Kabla ya kubonyeza kitufe mama anatoa maelezo. Ni marefu, nitarudi hapo kwenye malalamiko, lakini kisa kimoja alichokitoa sasa nakisimulia kwa kila mwalimu wa kwaya ninayekutana naye. Mwaka 1602, Venezia, mtawa Mfransisko aitwaye Lodovico Viadana alichapisha kitabu cha nyimbo mia moja za kanisa, Cento concerti ecclesiastici, na kwenye utangulizi akasema kwa nini amekiandika. Waimbaji walipokuwa wachache, walilazimika kuchukua nyimbo za sauti tano, sita, hata nane, wakaimba mbili au tatu na kuziacha nyingine. Wimbo ukabaki na matundu, maneno yamekatika, ladha hakuna. Basi yeye akaandika nyimbo ambazo zimekamilika kwa sauti moja, mbili, tatu au nne, na chini yake mstari wa besi kwa ajili ya mpiga ogani, ambaye anajaza kodi, yaani noti kadhaa zinazolia kwa pamoja, mwenyewe.

Nani kwenye kwaya hajawahi kukutana na hilo? Jumamosi ya mazoezi, mvua, sauti ya tatu hawajatokea, sauti ya pili yupo mmoja na ana mafua, na wimbo ulioko kwenye daftari ni wa sauti nne. Sisi huwa tunaimba hivyohivyo na matundu yake. Viadana alikaa chini akaandika upya.

Na huo mstari wa besi ndio moyo wa kila kitu utakachosikia hapo. Anayeucheza anapewa noti za chini tu, labda na tarakimu kidogo juu yake za kumwonyesha kodi, yaliyobaki ni akili yake na vidole vyake. Wapiga vinanda wetu wanaolishwa solfa na kuambiwa jaza mwenyewe wanafanya kazi hiyohiyo kila Jumapili bila kujua kwamba ina miaka zaidi ya mia nne.

Jioni ninayoiandikia ilikuwa ya Kwaresima. Alianza na mtunzi Alessandro Grandi, wimbo wa "O quam tu pulchra es", uliochapishwa Venezia mwaka 1625 kwenye mkusanyo uitwao Ghirlanda sacra. Maneno ni ya Wimbo Ulio Bora. Sauti moja, na chini yake tiorba, chombo cha nyuzi nitakachokieleza mbele, na ogani ndogo. Mwimbaji anaanza nusu anasema nusu anaimba, anamwita mpenzi wake mzuri, anarudia, halafu ghafla mwendo unageuka kuwa wa kucheza, halafu unasimama tena. Grandi alikuwa msaidizi wa mtunzi Claudio Monteverdi pale kanisa la San Marco, Venezia, akahamia Bergamo mwaka 1627 kuongoza muziki wa Santa Maria Maggiore. Tauni ya 1630 ikamkuta hukohuko ikamuua. Mama anafahamu kanisa hilo vizuri, alikuwa akisali humo siku za mapumziko, na anapolisimulia unaona bado anaona mlango wake.

Tauni hiyohiyo ilimuua Girolamo Amati kule Cremona, mtengeneza vayolini, na kumwacha mwanawe Nicolò akiushikilia ufundi ule karibu peke yake. Hili mama hakulisema, naongeza mimi, kwa sababu kila fundi wa mbao na nyuzi anapaswa kujua jinsi kazi hii ilivyokaribia kukatika.

Kisha Monteverdi, "Nigra sum", kutoka kitabu chake cha masifu ya jioni cha mwaka 1610 alichomtolea Papa Paulo wa Tano. Tena Wimbo Ulio Bora, safari hii sauti ya tatu peke yake, sauti ya mwanamume. Kwenye karatasi mama ameandika maneno kama yalivyo kwenye Biblia yetu: Mimi ni mweusi-mweusi, lakini ninao uzuri. Sebuleni watu waliangaliana wakatabasamu, na dada mmoja wa Rau akasema amina kwa sauti. Monteverdi akifika kwenye neno la kumwambia mpenzi ainuke, "surge", anaipandisha sauti ngazi kwa ngazi kutoka chini, na ukiwa na karatasi mkononi unaliona neno likisimama. Wenzangu wa kwaya wanaodhani muziki wa kale ni wa kulala wangeanzia hapa.

Sasa wimbo ulionipeleka tena na tena. Tarquinio Merula, mtu aliyefanya kazi Cremona na Bergamo na aliyewahi kutumikia ikulu ya mfalme wa Poland, aliandika kwenye miaka ya 1630 wimbo wa kubembeleza mtoto, "Hor ch'è tempo di dormire". Maria anamlaza Yesu. Besi ina noti mbili. Narudia, noti mbili tu, zimepishana nusu hatua, inapanda inashuka, inapanda inashuka, dakika baada ya dakika. Huo ni mguu wa mama unaotingisha kitanda. Juu yake Maria anamwambia mwanawe alale sasa, kwa sababu wakati wa kulia utakuja. Anyonye maziwa, kwa sababu kuna mtu mkatili anayemwandalia siki na nyongo. Anashika mikono na miguu na kutaja misumari. Anashika kichwa na kutaja miiba. Na mguu hausimami.

Nusu hatua ile inauma kwa makusudi. Kwa wanaosoma solfa, chukua mi na fa, uzigonge kwa zamu kwa dakika tano huku mtu anaimba kitu kingine juu, na uone utakavyojisikia. Kodi haitulii. Mtoto hajalala. Halafu, mwishoni kabisa, analala, na besi kwa mara ya kwanza inaondoka kwenye noti zile mbili na kwenda mahali pengine. Maria anajiuliza sasa afanye nini, na anajibu kwamba atakaa ameinamisha kichwa mpaka mtoto atakapoamka. Nilipofika hapo mara ya kwanza niliangalia watu wengine. Baba mmoja mwenye kofia ya balaghashia, ambaye ni jirani tu, wala si mtu wa kwaya wala wa kanisa, alikuwa amevua miwani.

Mama anapiga wimbo huu kwa waimbaji wawili tofauti, mmoja baada ya mwingine, na anawauliza watu mnampenda nani. Majina ya waimbaji na vikundi yako kwenye karatasi. Sitayaorodhesha hapa kwa sababu sidii anabadilisha kila mwezi. Wa kwanza ni mwanamke na vyombo vingi: kinubi, tiorba, ngoma ndogo ya mkono inayopigwa taratibu, na mapambo ya sauti kila mstari. Wa pili ni mwanamume anayeimba kwa sauti nyembamba ya juu, na chombo kimoja cha nyuzi chini yake, basi. Wengi sebuleni walimpenda wa kwanza. Mimi niko na wa pili bila kusita. Ngoma kwenye wimbo huu inamwamsha mtoto. Noti mbili zinatosha, na fundi anayejua kuacha mbao ionekane hahitaji kuipaka rangi.

Hapa niseme kidogo kuhusu vyombo, maana mama anavipita haraka na picha zake ni ndogo. Tiorba ni ndugu wa gita aliyekua mpaka akasahau kusimama. Shingo yake imeongezwa shingo nyingine, urefu wa chombo chote unaweza kukaribia mita mbili, na zile nyuzi ndefu za besi hazibonyezwi, zinapigwa wazi. Uzi ukiwa mrefu hivyo huwezi kuukaza mpaka noti ya juu bila kukatika, kwa hiyo nyuzi mbili za kwanza zinashushwa oktava nzima, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Mpiga gita wa kwetu akipewa hicho atapotea kabisa, kwa kuwa uzi wa kwanza si wa juu kuliko wote. Nyuzi zenyewe ni za utumbo wa kondoo. Hapa kwetu utumbo unaishia kwenye supu, na sijapata mteja wa kuniletea gita la utumbo, lakini ukizisikia utaelewa tofauti: mlio unaanza laini, hauna ule mng'ao wa chuma, na unakufa mapema, kwa hiyo unampisha mwimbaji. Masika ya Moshi yangezilegeza mpaka mpigaji alie.

Kornetto inaweza kuwachanganya watu wa tarumbeta. Ni ya mbao, imepindwa kidogo, imechongwa nusu mbili zikagundishwa na kufunikwa ngozi nyembamba. Ina matundu ya vidole kama filimbi, lakini mdomo wake ni wa kupulizwa kwa midomo inayotetema, kama tarumbeta. Zamani wenyewe waliisifu kuwa ndicho chombo kinachoikaribia sauti ya binadamu kuliko vingine, na ukisikia moja ikijibizana na mwimbaji kwenye sidii nzuri utashindwa kujua nani amemaliza mstari. Kuipuliza bila kukosea ni kazi. Najua midomo inavyochoka kwenye shaba. Kwenye kijimdomo kidogo vile sitaki hata kufikiria.

Na kuna lirone. Chombo cha kupigwa kwa upinde, nyuzi tisa mpaka zaidi ya kumi, daraja lake limekaribia kuwa bapa ili upinde uguse nyuzi kadhaa kwa pamoja na kutoa kodi nzima. Kilitumika hasa chini ya maombolezo. Ni mvumo wa nyuki ndani ya mzinga, unauhisi kifuani kabla hujauelewa. Baada ya kukisikia nilikaa siku nzima kibandani nikichora daraja bapa kwenye kipande cha mninga.

Kuna jambo jingine ambalo watu walilihisi bila kulijua. Wakati wa mapumziko dada yule wa Rau aliuliza kwa nini ogani ya kwenye sidii inasikika tamu kuliko ya kanisani kwao. Jibu liko kwenye kuitune. Kinanda chetu cha umeme kimegawa oktava sehemu kumi na mbili zilizo sawa. Kwa mgawo huo umbali wa do hadi mi unakuwa mpana kidogo kuliko ule ambao masikio yanautaka, kwa senti 14 hivi, nusu hatua moja ikiwa senti 100. Ogani za Italia wakati ule zilitunewa kwa namna nyingine, zile mi zikawa safi, na gharama yake ni kwamba baadhi ya funguo zenye mashapu na flati nyingi zinakuwa mbaya za kukimbiza watu. Kwaya ikiimba bila chombo, waimbaji wazuri huwa wanaishusha mi wenyewe bila kuambiwa. Halafu kinanda kinaingia na mwalimu anawagombeza kwamba wamelegea.

Nusu ya pili ni maombolezo, na hapa nina la kusema. Ilianza na "Pianto della Madonna" ya Monteverdi, wimbo wa mwisho kwenye kitabu chake kikubwa Selva morale e spirituale cha mwaka 1641, akiwa amepita miaka sabini na tayari ni padre. Muziki wake si mpya. Ni ombolezo alilolitunga mwaka 1608 kwa ajili ya opera ya Arianna huko Mantova: mwanamke aliyeachwa kisiwani na mpenzi wake Teseo anaomba afe. Msichana aliyeandaliwa kuuimba, Caterina Martinelli, alikufa kwa ndui akiwa na miaka 18 kabla ya onyesho. Opera yenyewe imepotea, limebaki ombolezo. Mzee akalichukua, akaweka maneno ya Kilatini, na aliyeachwa sasa ni Maria chini ya msalaba.

Wazee wa usharika wetu wanaogombana na vijana kwa kuchukua sauti ya bongo fleva na kuiwekea maneno ya Injili, naomba mje kwa gharama yangu.

Mara baada ya hapo, Stabat Mater, wimbo wa Kilatini wa Maria akisimama chini ya msalaba, ya Giovanni Felice Sances, mzaliwa wa Roma aliyeajiriwa na kaizari huko Vienna, iliyochapishwa mwaka 1638. Besi inashuka nusu hatua kwa nusu hatua, noti chache zilezile, ikifika chini inaanza tena juu. Inakwenda hivyo, kisha inaachwa mwimbaji aseme maneno karibu bila mwendo, kisha inarudi. Ni kazi kubwa. Lakini kuiweka mara tu baada ya Monteverdi, na baadaye kuongeza ombolezo jingine tena, ni kupakia punda magunia matatu. Nilianza kuangalia keki. Kati yao palihitaji kipande cha vyombo tupu, tokata ya Frescobaldi kwa mfano, dakika nne, watu wapumue.

Alimalizia na Barbara Strozzi, "O Maria", kutoka Sacri musicali affetti ya mwaka 1655, na hapo jioni ikafufuka. Strozzi alikuwa mwanamke wa Venezia aliyechapisha vitabu vinane vya muziki wake, karibu vyote vya mapenzi ya dunia, na hiki kimoja tu cha kanisa. Anaandika kama mtu anayejua koo lake mwenyewe linafika wapi: neno moja linavutwa, linakunjwa, linaachwa. Kuna mahali mwimbaji anagonga noti ileile kooni, polepole, halafu haraka zaidi, haraka zaidi. Hayo ni mapambo yao halali, mtunzi Caccini aliyaeleza kwenye kitabu chake cha mwaka 1602. Vijana wawili waliokaa nyuma walicheka. Mama hakuwakemea, alirudisha sidii nyuma akawasikilizisha tena, nao safari hii wakanyamaza wakijaribu kimyakimya kwenye koo zao.

Malalamiko, basi.

Maelezo ni marefu mno. Mama anajua mengi na anayapenda, lakini robo saa kabla ya wimbo wa dakika sita ni nyingi, na nusu ya aliyoyasema yako kwenye karatasi. Tafsiri za Kilatini ni nzuri kwa kuwa amezitoa kwenye Biblia na vitabu vya ibada. Za Kiitaliano zimelemaa, mashairi yamekuwa maelezo ya dawa. Kama kuna mwalimu wa Kiswahili anayesoma hapa, ajitolee. Wanaochelewa wanakalia viti vya plastiki ambavyo vinalia kila ukijigeuza, na kwenye muziki wa namna hii kiti kinacholia ni mwimbaji wa pili. Binti wa jikoni alisaga kahawa katikati ya lirone. Kahawa yenyewe, nikubali, ni ya shamba la familia, imekaangwa siku ileile, na sijanywa nzuri kuliko hiyo Moshi mwaka huu. Lakini isagwe mapema.

Umeme ukikatika kuna inveta, hamtakaa gizani. Mvua ikiwa kubwa anasimamisha sidii mpaka ipungue, kwa sababu baraza limeezekwa bati na hakuna sauti moja duniani inayoshinda bati la Masika. Panga muda wako ukijua hilo.

Bei kwa wanafunzi hakuna. Nilimwambia, akasema atafikiria. Vijana wa kwaya wanaotoka Pasua au Njoro hawatatoa elfu kumi na tano pamoja na bodaboda, ambayo kutoka stendi ni elfu mbili na usiku wanaomba tatu, na hao ndio ningependa wakae pale kwenye zulia wasikie mtu mmoja akibeba wimbo mzima bila spika.

Nafasi unachukua kwa kufika mwenyewe na kuacha hela. Kwa simu hapokei. Waulize bodaboda wa kona ya juu Shanty Town nyumba ya muuguzi aliyerudi Italia, wanaijua. Njoo na sweta, madirisha hayafungwi. Mwezi ujao ni zamu ya watawa wa kike: Lucrezia Vizzana wa Bologna na kitabu chake cha mwaka 1623, na Chiara Margarita Cozzolani wa Milano, ambaye watu walikuwa wakienda kanisani kwao kuwasikiliza masista wakiimba nyuma ya kizuizi bila kuwaona. Nimeshaacha hela ya viti viwili. Kimoja ni cha mwalimu wetu wa kwaya, ambaye bado hajaambiwa.